Wimbo wa Mazishi Kabla ya Kipyenga

Sisi watu wa timu ya Njati hatupiti geti kuu siku ya mechi. Hapa Namichere hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Geti kuu ni la wageni, na wageni hufika alfajiri kumwaga dawa zao za uchawi pale kabla sisi hatujaamka. Ukipakanyaga kabla ya kipyenga, umeshaifunga timu yako bao la kwanza.

Kwa hiyo tunaingia kwa tundu.

Tundu liko nyuma ya jukwaa la mashariki. Jukwaa lenyewe ni tuta la udongo lililowekwa ngazi za saruji upande wa uwanjani, na upande wa barabarani limeshikwa na ukuta wa matofali unaowapita watu wawili kwa urefu. Pale pembeni, karibu na bendera ya kona ambako tuta linashuka, vijana hutoa matofali asubuhi na kukata udongo kidogo. Timu inainama inapita, sisi mashabiki tunafuata, kisha matofali yanarudishwa, yanapangwa bila saruji mpaka mechi ijayo. Kila msimu mganga husema dawa ya mahali pale imechoka, tundu lisogee. Likasogea, likasogea tena. Mwisho lilikuwa limeacha pembeni na kuingia karibu na katikati, kule ambako watu hukaa wengi na tuta ni nene, hata ikabidi kuchimba njia kama handaki chini ya ngazi, na ukuta ule ukawa na viraka kuliko suruali ya kazini ya mume wangu.

Mwenye tundu alikuwa Mai Likongwe, yaani Mama Likongwe, jirani yangu, mshona nguo. Yeye ndiye aliyesimamia vijana, akaonyesha tofali la kwanza la kutolewa, akahakikisha hakuna mwenye fulana ya Njati anayejipenyeza getini. Msimu uliopita Bambo Mataka kinyozi, bambo kwetu ni bwana, alichelewa, akapita geti kuu akidhani hajaonekana. Tukafungwa. Mai Likongwe akamtoa kwenye kundi la waimbaji mpaka msimu ukaisha, na mtu mzima yule akawa anakaa peke yake kule mwisho kama mwanafunzi aliyetoroka shule.

Lakini msidhani ni mtu wa mabavu. Ni sauti tu. Mai Likongwe akiinua mkono, jukwaa la mashariki linasimama, akiushusha, linakaa. Nimewaona polisi na mbwa wao wakishindwa kulituliza jukwaa lile, halafu yeye akalituliza kwa kidole. Na siku za katikati ya wiki sauti hiyo hiyo, ikiwa imevaa blauzi nyeupe ya umoja wa kina mama wa kanisa, ndiyo inayotangulia mbele ya majeneza yetu kwenda makaburini. Mimi humpokelea, sauti ya pili. Nimejifunza mengi kwenye darasa la jioni la watu wazima, ila kuimba nimejifunza nyuma ya mgongo wake.

Ile Jumamosi ya Desemba ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Tukiwafunga Kabawi wa Limbe, kombe linakuja Namichere kwa mara ya kwanza tangu mji huu uitwe mji. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima kutoka mlimani, na asubuhi hiyo ikaacha, watu wakasema ni dalili njema. Baba Takondwa alivaa fulana yake ya bluu akatangulia kuwahi nafasi katikati ya jukwaa. Mimi nikafuata na Takondwa mgongoni.

Tunduni nilikuta matofali yanatolewa, na maji yanachuruzika kutoka kwenye udongo.

"Ukuta nao unatokwa jasho," kijana mmoja alisema. "Unaogopa Kabawi?"

"Unalia kwa furaha," mwenzake akajibu. "Leo umeona kombe."

Tukacheka sote. Basi likafika, wachezaji wakapita mmoja mmoja wameinamisha vichwa. Golikipa aliteleza akaingia kwa makalio, na hilo nalo likashangiliwa. Kisha watu wakamiminika. Mimi nilibaki chini kwa sababu Takondwa alikuwa amelowa, nikamtandikia khanga juu ya jiwe nimbadilishe. Juu yetu ngoma zilikuwa zimeanza, jukwaa limejaa, linaruka.

Mai Likongwe alikuwa akisimamia kufunga tundu. Kijana akaweka tofali la kwanza, la pili. La tatu likakataa.

"Ingiza vizuri," akamwambia.

"Haliingii, Mai."

"Mmeleta matofali ya wapi? Si nimewaambia msichanganye?"

"Ni yale yale, Mai. Yametoka hapa hapa asubuhi."

Akalichukua mwenyewe, akajaribu. Kweli, halikuingia. Nafasi ilikuwa imepungua. Ukuta wa juu ya tundu ulikuwa umeshuka upana wa vidole viwili hivi tangu tulipoufungua, na sisi tulikuwa tumepita chini yake tukiimba.

Hapo ndipo alipotokea kamisaa wa mechi, Bambo Chavula, mtu mfupi wa Mzuzu, kule mbali kaskazini, mwenye mwavuli mkubwa kuliko yeye. Alikuwa anazunguka uwanja kwa nje, kama kazi yake inavyotaka, ingawa makamisaa wengi huizunguka soda tu ofisini. Hakutuuliza kitu. Akafunga mwavuli, akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale kama anayepima homa ya mtoto. Nami nikatazama alipotazama. Kila jukwaa liliporuka, maji yalitoka kwenye nyufa kwa kuruka vile vile, kama ziwa la mama aliyechelewa kunyonyesha. Na ukuta ulikuwa na tumbo. Sijui tulikuwa tumeupita mara ngapi bila kuliona tumbo lile.

"Mechi haichezwi," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema chakula kiko tayari.

Akaitwa mwenyekiti wetu, Bambo Sitolo mwenye malori, akaja na inspekta wa polisi. Mwenyekiti alikuwa tayari amevaa tai ya kupokelea kombe.

"Kamisaa, jukwaa hili limebeba watu tangu enzi za baba yangu!"

"Ndiyo maana limechoka, Bambo."

"Unajua ni nani wako juu hapo? Ukiwaambia hakuna mechi watakuchana kama nyama ya harusi."

"Wanichane. Ila wanichane wakiwa wameshashuka."

"Tucheze nusu ya kwanza basi, watu wapoe."

"Bambo Sitolo," kamisaa alisema, "wewe una mtoto juu hapo?"

Mwenyekiti akatazama juu. Alikuwa nao wawili. Akaanza kuilegeza tai yake.

Inspekta ndiye aliyesema jambo la kutisha zaidi. Alisema kamisaa akitangaza kwenye kipaza sauti, watu watakimbilia njia waliyoijia. Watakuja huku nyuma, kwa tundu hili, wote, wakisukumana juu ya ukuta huu huu. Na askari wake wakipanda na mbwa, watu wataruka na kutupa mawe, na kuruka ndiko tusikokutaka. Njia salama ni moja. Washuke kwa mbele, askari wafungue uzio, wakate uwanja, watokee geti kuu. Polepole. Pasiwe na mtu wa kukimbia wala wa kukanyaga kwa nguvu.

"Geti kuu," alisema Mai Likongwe.

"Hakuna lingine, mama."

"Kabla ya kipyenga."

"Kipyenga hakipo leo," akasema Bambo Chavula.

Mai Likongwe alikuwa bado ameshika lile tofali. Akamtazama. "Unajua unachoniomba, Bambo?"

"Sijui, mama. Mimi mtu wa Mzuzu."

"Basi usijue," akasema, akaweka tofali chini, taratibu, kama anayemlaza mtoto. "Wao wananisikia nikiwaambia waruke. Sijawahi kuwaambia watulie watembee." Akafikiri kidogo. Kisha akasema, si kwetu bali peke yake, "Uongo. Nawaambia kila wiki."

Sikuelewa alichomaanisha mpaka baadaye. Alinigeukia. "Mama Takondwa, mfunge mtoto, zunguka na barabara, nenda kasimame nje ya geti."

"Na nani atakupokelea?"

"Watanipokelea wote. Nenda."

Ningekuwa peke yangu ningebisha. Nikamfunga mtoto, nikaondoka, nikigeuka nyuma kila hatua, kwa sababu Baba Takondwa alikuwa katikati ya jukwaa, pale juu ya tumbo la ukuta.

Geti kuu lilikuwa wazi, na kutoka nje yake unaona moja kwa moja mpaka jukwaa la mashariki. Nilisimama nikishika miguu ya Takondwa kiunoni kwangu. Nilimwona Mai Likongwe akipanda ngazi kwa pembeni, mwili wake mkubwa ule, anakanyaga kama mtu aliye ndani ya chumba cha mgonjwa. Alifika kwa wapiga ngoma. Akamnyang'anya wa kwanza fimbo zake, akaziweka kwapani. Akainua mkono. Jukwaa lote likasimama, tayari kuruka.

Naye akaanza wimbo wa mazishi.

Si wimbo mwingine. Ni ule wa kutoka nyumbani kwa marehemu, ule wa hatua ndefu na pumzi ndefu, unaoimbwa jeneza linapovuka kizingiti. Sauti ilivuka uwanja ikanifikia pale getini. Kwenye jukwaa hakupokea mtu. Baba Takondwa alinisimulia kwamba aliona haya, akadhani mama wa watu amerukwa na akili kwa ajili ya kombe.

"Mai, nani kafa?" mtu alipaza sauti.

"Bado," akajibu, akaendelea kuimba.

"Bado nani?"

"Bado hajafa mtu. Vueni kofia, twendeni."

Upande wa magharibi Kabawi wakaangua kicheko. "Njati wamejizika wenyewe! Hata refa hajafika!" Filimbi, miluzi, matusi ya mama na ya shangazi.

Lakini kina mama wa umoja walikuwa wametapakaa jukwaa zima, na mwili wa mtu unazoea. Mmoja akapokea, pengine bila kutaka. Akapokea wa pili. Wimbo ule ukishapokewa kwetu, hakuna anayebaki ameketi, hakuna anayeongea, na nyuma ya jeneza hakuna mwenye haraka. Hata mlevi hujipanga. Nikaona kofia zinavuliwa, safu kwa safu. Nikaona mikono inakunjwa mbele ya matumbo. Askari wakafungua uzio, Mai Likongwe akashuka kwanza, na jukwaa la mashariki, lile lililowahi kung'oa nguzo za goli, likaanza kumfuata ngazi kwa ngazi, miguu ikiteleza tu juu ya saruji, hakuna hata mmoja wa kuipiga.

Jambo hilo nitalisimulia mpaka nitakapozeeka. Maelfu ya watu wenye fulana za bluu wakivuka majani mabichi kwa mwendo wa mazishi, na mbele yao mwanamke mmoja mwenye fimbo za ngoma kwapani. Kicheko cha Kabawi kilipungua, kikakatika. Mzee mmoja wa kwao akasimama akavua kofia. Basi wakasimama wote, kwa sababu msafara ukipita unasimama, uwe wa kwenu au wa adui.

Walifika getini. Mai Likongwe akafika mpaka kwenye ule mstari wa chuma linapopita gurudumu la geti. Akasimama.

Msafara ukasimama nyuma yake. Wimbo ukafifia. Na mimi niliyekuwa nje niliona mbali kuliko wao: nusu ya watu bado walikuwa ngazini kule juu, wamebanana, wanangoja, wengine wameanza kuuliza kuna nini mbele. Baba Takondwa alikuwa mmoja wao. Nilimtambua kwa urefu wake.

"Hapa sipiti," alisema kijana wa mbele. "Mai, hapa hata uniimbie nini."

"Umetuuza kwa Kabawi!" mwingine akadakia kutoka nyuma.

"Nimewauza?" alisema Mai Likongwe bila kugeuka. "Njooni basi mdai bei yenu huku nje."

Hakucheka mtu. Kisha ikasikika sauti ya Bambo Mataka kinyozi, ambaye kwa bahati zake alikuwa safu ya pili.

"Mai. Msimu uliopita ulinifukuza kwa hatua moja tu ya geti hili."

Sasa akageuka. "Nilikufukuza."

"Mbele ya mke wangu."

"Mbele ya mke wako."

"Na leo?"

"Leo nakuomba, achimwene," akasema. Amemwita kaka, yeye ambaye hamwiti mtu kaka. "Ule ukuta tumeutoboa sisi. Mimi nilionyesha tofali. Leo hauna nguvu tena, na watoto wa watu wako juu yake. Kama kuna laana hapa chini, nitaibeba mimi, nina mgongo mpana. Wewe njoo tu."

Akavuka. Hakufumba macho, hakujishika kifua, alivuka tu kama anayeingia jikoni kwake. Alipofika upande wangu niliona midomo yake inatetemeka, na bado wimbo ukatoka bila kutetemeka. Nikaupokea. Takondwa alishtuka mgongoni, akaanza kulia, nami nikaendelea kuimba hivyo hivyo.

Bambo Mataka alivua viatu, akavishika mkononi. "Tupisheni," aliwaambia vijana. "Mimi nina uzoefu wa dhambi hii."

Hapo wakacheka. Kicheko kidogo, cha puani, cha watu wanaotaka kulia. Kinyozi akavuka. Kijana aliyeapa kwamba hapiti akavuka akiwa ametazama juu, ili asijione. Halafu mto wote. Mai Likongwe alisimama kando ya nguzo ya geti akiwaongoza kwa kiganja, polepole, polepole, na kila mmoja alipopita alimtazama usoni. Nilingoja na kungoja, nikiimba, mpaka nikaona shingo ndefu ya mume wangu juu ya vichwa vya watu. Alipita, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

Wa mwisho kutoka alikuwa Bambo Chavula na mwavuli wake. Akapanda juu ya gari la polisi, akatangaza kwamba mechi imeahirishwa kwa usalama wa mashabiki, na ikapigwa miluzi ya kutosha. Mai Likongwe alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara. Sauti ilikuwa imemwishia kabisa, anaongea kwa pumzi. Nikamletea kikombe cha thobwa, togwa yetu ya mahindi. Akanywa, akaomba kingine.

Ukuta haukuanguka. Mnajua watu wetu: walikaa barabarani kwa mbali kuusubiri. Vijana walinunua mahindi ya kuchoma na mandasi, wakapanga mstari kama walio sinema.

"Mai," mmoja alimwita, "mbona ukuta bado umesimama? Usipoanguka utaficha wapi uso?"

"Usipoanguka nitafurahi," akanong'ona, ikabidi mimi niyarudie kwa sauti. "Kwani mlitaka uwaangukie nani?"

Jioni wakachoka, wakaenda nyumbani wakilalamika kwamba wamezikwa bure.

Mafundi wa halmashauri walipokuja wiki iliyofuata walifunga barabara, wakaanza kubomoa kwa kutoa yale matofali yaliyopangwa bila saruji kwenye matundu ya zamani. Hawakuhitaji kutoa mengi. Udongo ulijitoa wenyewe, tuta likaketi, na safu za katikati za jukwaa zikaja mpaka barabarani, pale ambapo siku za mechi huwa tunauzia karanga. Nilikuwepo. Ulikuwa mlio wa chini, mzito, haukudumu. Fundi mmoja alivua kofia. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mechi ilichezwa Januari, huko Limbe, kwenye uwanja wa watu. Tukafungwa bao moja. Kombe likaenda na Kabawi, na mganga akasema, mnaona.

Hivyo wapo wanaomlaumu mpaka leo. Juzi nilikuwa naye sokoni akinunua nyuzi, na wanaume waliokuwa kwenye benchi la muuza karanga wakaanza. Mmoja, mnene, mdomo umejaa, akapaza sauti ili soko lote lisikie:

"Huyo ndiye aliyetupitisha getini! Huyo ndiye aliyekula kombe letu!"

"Ndiyo mimi," Mai Likongwe akasema akichagua uzi wa bluu. Sauti yake imerudi, nzuri kama mwanzo. "Na wewe nakukumbuka. Fulana yako ilikuwa imepasuka kwapani, na ulikuwa unalia."

"Silii mimi!"

"Ulikuwa unalia, umemshika mwanao mkono. Mlete dukani nimshonee kaptura ya shule."

Benchi zima likaangua kicheko, na yule mnene akacheka kuliko wote, mpaka karanga zikampalia, mwenzake ikabidi ampige mgongoni. Alikohoa, akafuta machozi, akaomba maji. Mai Likongwe alimngoja mpaka apumue vizuri. Kisha akamuuliza kiuno cha mtoto ni kipana kiasi gani.